Unga Uliotiwa Dawa

Duka la Cornelia lilikuwa chumba kimoja tu, pembezoni kabisa mwa mji wa Sumbawanga, mtaa ambako kwenda sokoni na kurudi kunakula nusu siku. Aliwauzia majirani kile kilichotosha mlo mmoja: mafuta ya kupima, sukari robo, unga kikombe kwa kikombe. Wenye maduka makubwa wasingehangaika na wateja wa namna hiyo. Yeye aliwajua wote, hata nani anapika saa ngapi.

Siku moja, saa nne asubuhi, mumewe Gaudensi alirudi kutoka shambani, akachungulia stoo.

"Gunia la mahindi lililokuwa mlangoni liko wapi?"

"Nililipeleka mashine jana. Unga wake ndio huu ninaouza."

Gaudensi akashika mlango. "Mama Jenifer, lile nililitia dawa ya kuulia dumuzi juzi. Tena nyingi."

Watu watano walikuwa wameshanunua tangu kulipokucha. Cornelia akawataja kwa sauti mmoja mmoja, asije akamsahau yeyote, kisha akatoka mbio, peku.

Nyumba tatu za kwanza unga ulikuwa bado kwenye mfuko. Ya nne, Adela alikuwa anasonga ugali, watoto wamekaa wanasubiri. Cornelia aliingia bila hodi, akaipua sufuria na kuimwaga uani.

"Una wazimu?" Adela alifoka.

"Unga una sumu! Wasile!"

Ya tano ilikuwa ya mzee Leonsi, aliyeishi peke yake.

"Shikamoo, baba! Umekunywa uji?"

"Marahaba. Nimemaliza sasa hivi. Mbona unalia?"

Alipomweleza, mzee alilitazama bakuli tupu.

Gaudensi alileta bajaji. Njiani mzee alitapika mara mbili, na kila alipofumba macho Cornelia alimtikisa bega. Hospitalini alimweleza daktari kila kitu, hata jina la dawa, ingawa alijua habari ingefika mtaani kabla yake. Mzee Leonsi alilazwa siku mbili, akapona.

Wiki tatu nzima hakuna aliyenunua unga kwake. Wa kwanza kurudi alikuwa Adela.

"Nipe vikombe viwili. Ila tutapika hapahapa, na wewe utangulie kula."

Cornelia akawasha jiko. Ugali ulipoiva alimega tonge, akalitafuna taratibu, huku Adela akimwangalia mdomoni.