Ningu wa Tawakali

Bwawa la marehemu Tawakali, pale Miteja, lilikuwa safi kuliko jiko la bi harusi. Kila asubuhi mjane wake, Mwahija, aliingia majini, khanga kaifunga kiunoni, akasugua mawe kwa dodoki mpaka yakang'aa. Wenzake hupalilia makaburi. Yeye alipalilia bwawa. Mumewe alikuwa amelichimba kwa mikono yake, akatia vifaranga vya samaki aliokuwa akiapa kuwa ni ningu, wale samaki wakubwa wa mtoni.

Shida ni kwamba vifaranga vilikuwa havikui.

"Wifi, hawa si ningu," alisema Maftaha, dada wa marehemu, akila mihogo ukingoni. "Kaka yangu, Mungu amrehemu, alivua vidagaa vya mtoni. Hata Idi ya mwakani watakuwa hivyohivyo, kama kidole. Tulikubaliana: wakiwa si ningu, tunabomoa kingo, tunapanda mpunga."

"Na wakiwa ningu?"

"Nitakutekea maji wiki nzima, na kuimba kwa sauti ya juu!"

Mwahija akamnasa mmoja kwa kipande cha chandarua, akamgusa kinywani kwa ncha ya kidole. Laini, kama ufizi wa kichanga.

"Hana meno! Tawakali alisema meno ya ningu yako kooni. Anatafuna kimyakimya, kama mkwe ugenini."

"Vidagaa vya mtoni navyo vivyo hivyo. Na vindevu vya mdomoni wanavyo wote. Ni ndugu hao. Mimi nimekulia mtoni, bibi wee! Tazama kinywa: cha kidagaa kiko mbele, cha ningu kiko chini."

Mwahija akamgeuza. Samaki akapiga mkia, akamrushia maji machoni, akaponyoka.

"Umekiona?"

"Nimeona nyota."

Maftaha alicheka mpaka bakuli likamponyoka, chenga za mihogo zikatapakaa juu ya maji. Hakuna samaki aliyepanda kuzidokoa. Maftaha akainama kutazama. Vidagaa wangeshazigombania.

Mwahija naye alikuwa ameinama kwenye kona, akivuta chungu kilichosahaulika humo tangu matanga, kimeota utelezi wa kijani.

"Kiache hicho!" Maftaha akamshika mkono. "Angalia."

Samaki walikuwa wamekizunguka, vichwa chini, mikia juu, wanalamba kama ndama kwenye chumvi. Kila walipopita, waliacha mchirizi msafi.

"Wanakula utelezi," Mwahija alisema taratibu. Akayatazama mawe yake yanayong'aa. "Wifi... kumbe nimekuwa nikiwaoshea chakula chao."

"Tangu azikwe! Basi ni ningu kweli, nimeshindwa!"

"Kila asubuhi!"

Akakaa palepale majini na khanga yake, akacheka. Hakuwa amecheka hivyo tangu siku ya mazishi. Machozi yalipokuja, aliyaacha yachanganyike na maji ya bwawa.

Kisha akalitupa dodoki kichakani. Maftaha alikuwa keshajitwika ndoo, anaelekea kisimani, anaimba vibaya kwa makusudi.

"Juu zaidi, wifi!" Mwahija alimwambia. "Ningu hawajakusikia."