Sweta la Fundi Cherehani

Mimi nikisimulia jambo siongezi chumvi hata punje. Labda kidogo, ladha ikipungua. Ila hii ni habari ya mgonjwa wa figo, na chumvi amekatazwa, kwa hiyo naileta hivyo hivyo.

Fundi cherehani alikuwa anapinda suruali ya mteja, mguu mmoja kwenye pedeli, mwingine akiusugua kwenye mguu wa meza. Tangu figo zake zilegee alikuwa akiwashwa mwili mzima, muwasho usio na kipele wala alama, wa ndani kwa ndani, ambao kucha haziufikii. Mumewe, kinyozi, alishahamia kulala sebuleni. Alisema chumbani kuna joto.

“Unajikuna kwa mazoea,” alimwambia. “Jikaze.”

Asubuhi hiyo kulikuwa na kibaridi. Wifi yake aliazima sweta lake la kijani atoke kuanika nguo. Kabla hajabana shati la pili alianza kujikuna shingo, kisha mbavu, kisha akavua ndala akune nyayo. Ndani, fundi alisinzia juu ya cherehani, akakoroma. Wifi alipolivua sweta, fundi aliamka akijikuna.

“Kumbe ndivyo unavyoishi, wifi yangu?”

“Ndivyo.”

“Haya, endelea kulala. Nina mashuka bado.” Akalivaa tena.

Kuanzia hapo wifi ndiye aliyelivaa kila fundi alipokwenda hospitali kusafishwa damu. Kwenye ile mashine sindano hukaa mkononi saa nyingi, na mkono haufai kutikisika. Kabla ya hapo fundi aliwahi kujikuna, sindano ikachomoka, damu ikatapakaa sakafuni, mashine ikazimwa kazi haijaisha. Alirudi nyumbani uso umevimba, pumzi ya kuvuta kwa shida.

Daktari naye alilijaribu sweta. Alijikuna mpaka kalamu ikamdondoka. Akalivua, akalikung’uta, akamwambia fundi ni ukavu tu wa ngozi, apake mafuta.

Kisha wifi akapata safari, na zamu ikamwangukia kinyozi.

“Usilivue lakini, kaka,” wifi alisema.

“Mwanamume mzima nishindwe na sweta? Wewe nenda zako.”

Fundi akalazwa, sindano ikaingia, mumewe akabaki na sweta lake kwenye korido. Muda mfupi kulikuwa shwari. Halafu muwasho ukaingia kwenye nyayo, ukapanda magotini, ukafika kwenye mkono wenye sindano. Muuguzi aliona vidole vinacheza, akaukandamiza mkono kwa uzito wake wote, naye hakuwa mwembamba. Fundi akapiga simu kwa mkono uliobaki.

“Umelivaa?”

“Nimelivaa, mke wangu. Najikuna hapa mpaka watu wananitazama.”

“Linakuwasha wapi?”

“Mgongoni. Mgongo mzima, nakwambia!”

“Na nyayo?”

“Nyayo hazina neno.”

Muuguzi, bila kuuachia mkono, alinyoosha mguu akausukuma mlango. Kinyozi alikuwa ameketi kwenye benchi na shati lake jeupe, simu sikioni, ametulia kama anayesubiri mteja.

“Baba, sweta liko wapi?”

“Nimelivaa kwa ndani.”

“Hebu simama.”

Kinyozi akasimama. Sweta lilikuwa kwenye benchi, limekunjwa vizuri, katikati limebonyea.