Aliyeisoma Delhi

Sabahat Kirmani alikuwa na kazi ambayo hata mumewe hakujua namna ya kuwaeleza watu. Kwa miaka mingi alikaa katika chumba cha ghorofa ya pili, kwenye kituo kimoja cha utafiti mjini Islamabad, akisoma magazeti ya India. Si yale ya Kiingereza tu, ambayo kila mtu pale aliyapitia akinywa chai, bali ya Kihindi, yaliyokuja kwa kuzungukia Dubai yakiwa yamechelewa na kukunjamana. Kusoma hati ya Kihindi alifundishwa na marehemu baba yake, mzaliwa wa Lucknow aliyehamia Pakistan mwaka 1947, nchi ilipogawanywa, na ambaye mpaka anakufa alishikilia kwamba jirani usiyejua kumsoma atakuuza huku unacheka naye.

Mwezi Machi 1998 uchaguzi wa Delhi ulipokwisha, chama kilichokuwa kikiahidi bomu la nyuklia kiliingia madarakani kwa kuegemea vyama vidogo chungu nzima. Sabahat akapanda kumwona mkuu wa kituo, Brigedia mstaafu Zawwar Gondal.

"Watalipua," alimwambia. "Pengine kabla mvua hazijaanza."

Brigedia alikuwa akimenya chungwa. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, Bwana Brigedia. Mkubwa wao mpya hawezi kugusa bei ya mbolea bila mshirika mmoja kununa. Sheria ya ndoa hawezi kuigusa, hekalu aliloahidi kulijenga hawezi kuligusa. Kila alichowaahidi watu wake, kuna chama humo humo serikalini kinakikataa. Limebaki bomu. Hilo hakuna mwenye ubavu wa kulipinga hadharani."

"Serikali inayotembelea magongo, unasema itapiga teke?"

"Isipopiga itaanguka."

Pembeni alikaa Furqan, mtaalamu wa picha za setilaiti, kijana mpole asiyependa mabishano. Brigedia alimgeukia. "Jangwani kwao kuna nini?"

"Mbuzi," alisema Furqan. "Na vumbi. Siku mbili hizi vumbi limezidi."

"Basi." Brigedia alimsogezea Sabahat kipande cha chungwa, kama anayembembeleza mtoto. "Mwanangu, India ni India. Akae huyu, akae yule, wanachotaka ni kimoja, kutumaliza. Siku wakiwa tayari tutaona malori. Wewe unaniletea ugomvi wa jikoni."

"Bomu linapikwa jikoni, Bwana Brigedia."

Furqan aliinamisha kichwa kuficha tabasamu. Brigedia hakutabasamu. Sabahat alishuka ngazi akiwa na kipande cha chungwa mkononi, hajui akile au akitupe, akakitupa.

Aprili nchi yake ilirusha kombora jipya, na kituoni watu wakapongezana kwamba sasa Delhi itaingiwa na baridi. Sabahat alipanda tena. Alisema kombora lile halikumtisha mtu Delhi. Limempa yule mkubwa wao cha kuwaonyesha washirika wake. Safari hii Brigedia hakumkaribisha hata kukaa. Alimwambia kuna watu wanaanza kuuliza kwa nini yeye kila mara anawatafutia Wahindi sababu.

"Sababu si udhuru," Sabahat alisema.

"Nenda kawaeleze wao hivyo."

Jumatatu moja ya Mei, alasiri, redio ikatangaza. India imelipua mabomu chini ya jangwa la Rajasthan. Kwenye korido watu walisimama kama waliofiwa. Furqan alikuwa ameshika kikombe kitupu, akirudiarudia kwamba wamefanya kazi usiku, kwamba wamefunika, kwamba hakuna ambaye angeona. Brigedia alipita katikati yao mpaka mlangoni kwa Sabahat, akasimama hapo akijifuta shingo kwa leso.

"Ulibahatisha," alisema.

Miezi miwili Sabahat alikuwa ameitunga moyoni hotuba ya siku hiyo. Sasa haikuja. Ilikuja hasira tu.

"Sasa nisikilizeni safari hii," alisema. "Tusijibu."

Brigedia alimtazama kama aliyesikia tusi.

Nyumbani mambo hayakuwa na nafuu. Aliishi na mumewe, Adil, pamoja na mama mkwe na Naveed, mdogo wake Adil, aliyekuwa mwanachama wa chama cha upinzani na aliyeingia jioni ya kesho yake sauti imemkauka kwa kupiga kelele barabarani. Walikuwa wanakula dengu na wali.

"Shemeji, wakubwa wako bado wamelala?" Naveed aliuliza. "Leo tumewapelekea bangili. Sanduku zima, za kioo, nyekundu na kijani. Kama ni wanawake, wavae."

"Mimi ninavaa bangili," Sabahat alisema. "Ulishaniona naogopa?"

Adil alicheka. Naveed hakucheka. "Siongelei wewe. Naongelea hao wanaosubiri Delhi waje watuchinje."

"Delhi hawaji, Naveed. Wamelipua kwa sababu serikali yao inaning'inia kwa uzi. Kila gazeti la kule limejaa ngoma sasa hivi. Ngoma ya furaha haikeshi. Baada ya wiki chache mzungu atawakatia mikopo, vitunguu vitapanda bei, na hao hao washirika wataanza kuuliza faida iko wapi. Tukinyamaza, mzigo ni wao peke yao. Tukijibu, tumewaokoa."

"Umesoma Kihindi mpaka umekuwa wao."

"Chunga mdomo wako," mama mkwe alimkemea. Kisha akamgeukia Sabahat, kwa upole uliouma kuliko kejeli ya Naveed. "Lakini mwanangu, hata mimi naona aibu. Muuza maziwa kaniuliza asubuhi, mama, tunangoja nini? Nimjibu vitunguu?"

Siku ya pili yake India ikalipua tena. Wiki iliyofuata Brigedia, kwa kutaka kuondokana naye, alimpeleka kwa Khizar Rathore, mshauri wa waziri mmoja mwenye sauti katika baraza. Rathore alikuwa mtu mnene, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na alimsikiliza bila kumkatiza. Sabahat alimweleza yote: nani kule Delhi anamshika nani shati, chama gani cha kusini kinataka nini, wabunge gani wa upinzani wameanza kuuliza bungeni kama ushindi huu ni wa taifa au wa chama. Alisema moto ule unahitaji kuni kutoka Islamabad, na usipopelekewa, utazimika wenyewe.

Alipomaliza, Rathore alivuta droo ya meza. Akatoa bangili za kioo, za kutosha mkono mzima, akazimwaga mezani. Nyingine zilikuwa zimevunjika.

"Hizi ni za leo," alisema. "Za jana nimempa mfagiaji akawape binti zake. Dada, kwa nini unafikiri nimekubali kukuona?"

"Ili nikueleze Delhi."

"Delhi naielewa. Naielewa kwa sababu ni hapa hapa. Waziri wangu hawezi kupita Rawalpindi bila kuzomewa. Upinzani unasema tumeuza nchi. Mashekhe wanasema hivyo hivyo, na wenye magwanda wanangoja waone kama tuna uti wa mgongo. Washirika wetu wawili wamesema tusipolipua wanatoka. Unadhani sijui kwamba unachosema ni kweli?"

"Kama unajua, mwambie."

"Nimemwambia. Akaniuliza, nikinyamaza, Delhi itaanguka mwezi gani? Nikasema labda mwishoni mwa mwaka. Akasema, mimi nitaanguka Ijumaa."

Sabahat alitaka kubishana, lakini angebishana na nani? Mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa upande wake, na haikusaidia kitu. Afadhali angebishana na mjinga kuliko huyu. Aliinuka, akaaga kwa adabu, na kwenye teksi akalia kwa hasira, dereva akidhani amefiwa, akampunguzia nauli.

Mwishoni mwa Mei Pakistan nayo ikalipua: mlima wa Chagai ulitetemeka, mawe yake meusi yakageuka meupe kwenye televisheni, na nchi nzima ikamwagika barabarani. Kituoni waliletewa peremende za maziwa kwenye masahani. Naveed, aliyekuwa ameitukana serikali mwezi mzima, alirudi amebebwa mabegani na watu wa chama tawala.

Siku magazeti ya Delhi yalipofika, Sabahat alimtafuta humo mwandishi mmoja wa Kihindi ambaye makala zake alikuwa akizisoma kwa miaka. Yule mzee alikuwa ameanza kuiumbua serikali yake, makala baada ya makala, akiuliza bomu linapikwa na chumvi gani. Safari hii aliandika mistari michache tu: jirani amejibu, kwa hiyo waliokuwa na shaka, nami nikiwemo, tukae kimya sasa. Sabahat aliisoma akiwa amesimama. Akaikata, akapanda nayo kwa Brigedia na kuiweka mbele yake, ingawa alijua hawezi kuisoma.

"Inasemaje?" Brigedia aliuliza.

"Inasema asanteni."

Brigedia aliisukuma kando. Alikuwa mchangamfu, walikuwa wamemwahidi nishani. Alimwambia aombe chochote, wiki hii hakuna atakayemnyima.

"Nataka kubadilishiwa dawati," Sabahat alisema. "Nisome siasa za hapa. Namna zinavyotupeleka."

Brigedia alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo si kazi, mwanangu. Hiyo ni kesi."

Alishuka. Chini, karani alikuwa amemwekea rundo jipya kutoka Dubai, limefungwa kwa kamba, nalo lilinuka mafuta ya taa. Alilitazama muda mrefu kabla ya kuketi. Kisha akatafuta mkasi, akakata kamba kwa nguvu iliyozidi mpaka ukurasa wa juu ukachanika, na akaanza kusoma pale palipochanika.