Jina Ambalo Nakijwa Hajalitamka

Usingizi unamjia Nakijwa mchana kweupe, siku ya Jumamosi, akiwa amejilaza kiubavu kando ya bintiye mchanga aliyekwisha kunyonya na kulala, na haumjii kwa ghafla, unampanda kama maji yanavyoupanda udongo mkavu, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha kifua ambacho tangu asubuhi hakina kazi nyingine ila kuiogopa kesho. Kesho ni ubatizo. Kesho mchungaji atamtazama mbele ya kanisa zima na kumuuliza, mtoto huyu anaitwa nani, naye mama mtu atapaswa kujibu kwa sauti ya kusikika, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi ya usharika wao huku Upareni, jina hutoka kinywani mwa aliyezaa. Neno moja tu. Mume wake, Elinihaki, alimwambia hivyo kwa upole, ni neno moja tu, Naki, na Nakijwa akaitikia kwa kichwa, asijue amweleze vipi kwamba neno hilo moja limekwishamfanya aahirishe ubatizo mara mbili, mara ya kwanza akisema mtoto ana mafua, mara ya pili akisema yeye mwenyewe ana homa, na homa kweli ikaja, akatetemeka chini ya blanketi huku kengele ya kanisa ikilia. Nyumbani mtoto anaitwa Kadada tu. Jina lenyewe wanalijua watu wawili, yeye na mumewe, na hata kwa mumewe hakulitamka, alimwandikia kwa kidole kiganjani.

Sasa yuko barabarani. Hajui ametoka nyumbani kwa mlango upi, anajua tu kwamba mbeleko imefungwa mgongoni, imekazwa vizuri, na ni nyepesi mno. Anapeleka mkono nyuma, anapapasa, hakuna mtoto. Kitambaa kimeshika umbo la mtoto kama kiatu kinavyoshika umbo la mguu, lakini ndani ni hewa. Nakijwa anataka kupiga kelele na kelele haitoki, hata huku haitoki, na barabara inajinyoosha mbele yake, nyeupe, inapinda kulia na kurudi kushoto, inapanda mlima na kujikuta bondeni, na pembeni mwake anatembea mtu. Mtu huyo amevaa koti la mzee wa kanisa, lakini mahali pa uso pana ulaini mtupu, kama mgongo wa kijiko. Nakijwa anamuuliza kwa macho, maana kinywa hakifunguki, mtoto wangu yuko wapi. Mtu yule anajibu, yuko anakoitwa. Nakijwa anauliza tena, na kanisa je, liko mbali? Liko mbali, anasema yule mtu, kama mlango ulivyo mbali na aliyeuegemea. Kisha anatangulia, na Nakijwa anamfuata, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumfuata.

Wanaingia mjini. Nyumba za mji huu kuta zake ni vioo, kuanzia chini hadi paa, na katika kila ukuta Nakijwa yupo. Yupo akitokwa jasho juu ya mdomo. Yupo amekunja vidole vya miguu ndani ya ndala. Yupo akitabasamu lile tabasamu lake la kuomba radhi, ambalo hakuwahi kujua linavyoonekana kwa nje, na anapoliona anaona aibu, na ile aibu nayo inaonekana kwenye kioo, na kioo cha pili kinaionyesha kwa cha tatu. Watu wanapita. Hawana nyuso, lakini anajua wanamtazama, anajua kama anavyojua kila Jumapili anapokaa benchi la mwisho karibu na mlango, anapojifanya anamtuliza mtoto nje wakati wa matangazo, anapoondoka kabla ya baraka ili asikutane na ile mikono yote inayosalimia pale mlangoni. Hakuna siku anayoweza kuionyesha kwa kidole na kusema, hofu ilianzia hapa. Alikuwa nayo shuleni, alikuwa nayo harusini kwake, alipokataa katakata kumlisha mama mkwe keki mbele ya watu na wakwe wakasema bibi harusi anaringa. Haringi. Hajawahi kuringa hata siku moja. Ni mpweke tu, upweke wa mtu anayewapenda watu kupitia dirishani.

Anatembea, na kila njia anayoishika inamleta nyuma ya kanisa, kwenye ukuta usio na mlango. Anazunguka, mji unazunguka naye. Anaanza kukimbia, na mbeleko tupu inampigapiga mgongoni. Miguu inapokataa anaketi chini kwenye jiwe, na hapo ndipo anapolikumbuka, au labda analisikia hasa, maana huku kukumbuka na kusikia ni kitu kimoja, neno la Apaikunda.

Apaikunda ni mshauri nasaha wa zahanati ya kanisa, mwanamke mnene mwenye kikohozi na kicheko chepesi. Nakijwa alipelekwa kwake alipokwenda kupima uzito wa mtoto na muuguzi akamwona anavyotetemeka foleni ilipomfikia. Kwa wiki nyingi alikaa mbele yake bila kusema la maana. Siku aliposema, alisema akiwa ameinamia sakafu, dada, wanamaombi wameniambia nina roho ya woga, nikafunga na kuomba, haijatoka, nadhani imani yangu ni ndogo. Apaikunda akavuta kiti chake, akakiweka ubavuni, wakawa wanatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri mvua ipite. Akasema, mdogo wangu, ukiugua malaria utaniambia imani yako ni ndogo? Nakijwa akasema hapana. Apaikunda akasema, basi na hii tuiombee, na tuitibu. Mungu hachukii kwa sababu tumekuja zahanati. Akamfundisha kukanyaga sakafu kwa unyayo wote. Akamfundisha kutoa pumzi taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Akamwambia, usiwatafute watu wote kwa macho, mtafute mmoja. Na hofu ikija usigombane nayo, haina adabu, ukiifungia mlango itapita dirishani, wewe iache ikae na uendelee na kazi yako. Nakijwa akauliza, na sala? Apaikunda akasema, sala iwe fupi. Mtu anayezama hasomi risala.

Basi Nakijwa, pale kwenye jiwe, katika mji wa vioo, anakanyaga chini kwa unyayo wote, na chini kuna baridi. Anatoa pumzi. Anapoza uji usiokuwepo. Anasema moyoni, Bwana Yesu, niko hapa, na wewe uwe hapa. Hakuna mbingu inayofunguka. Moyo bado unamdunda hadi masikioni. Lakini anapoinua kichwa ukuta uliokuwa mbele yake una mlango, mlango wa kawaida, umebanduka rangi, na yule mtu asiye na uso amesimama kando yake. Nikiingia watanicheka, Nakijwa anamwambia, na safari hii sauti yake inatoka, nyembamba, yenye mikwaruzo. Mtu yule anauliza, wewe ukiwa mle ndani huwa unamcheka nani? Nakijwa anafikiri. Simcheki mtu, anajibu, huwa sina nafasi, najifikiria mimi. Mtu yule anapisha njia.

Ndani kanisa limejaa hadi kuta zimesogea nyuma, mabenchi yanaendelea na kuendelea, na nyuso laini zote zinageuka kwa pamoja, bila sauti. Kule mbele kuna beseni la ubatizo na hakuna mtoto. Sauti inauliza, haijulikani inatoka wapi, mtoto huyu anaitwa nani? Nakijwa anafungua kinywa na kinywa kimekauka kama unga. Anataka kurudi nyuma. Anatafuta mmoja, kama alivyofundishwa, benchi baada ya benchi, ulaini baada ya ulaini, mpaka kwenye benchi la mwisho kabisa karibu na mlango, pale pale anapokaa yeye, anamwona mwanamke mwenye uso. Si mzuri wala mbaya, uso wa mtu aliyechoka, macho yameinamia sakafu, vidole vinasokota ncha ya kanga. Nakijwa anamwelewa mara moja jinsi mtu anavyoielewa lugha ya mama yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwaza kwamba benchi la mwisho linaweza kuwa na mtu mwingine. Hasogei mbele. Anarudi nyuma, anamwendea yule mwanamke, anaketi karibu naye hadi mabega yanagusana, na kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake siri anamwambia, anaitwa Namsifu.

Mwanamke anainua macho. Anasema, samahani, sijasikia vizuri. Na Nakijwa, akitetemeka, jasho likimtiririka mgongoni chini ya mbeleko, anasema tena kwa nguvu zaidi, Namsifu, na anaposema hivyo anajisikia amesema mambo mawili, jina la mtoto na neno lake mwenyewe kwa Mungu, neno ambalo hakuwahi kusimama kulitoa siku ya ushuhuda hata mara moja. Hakuna anayecheka. Hakuna anayepiga makofi pia. Nyuso laini zinageukia mbele, moja moja, kila mtu na shughuli yake, na mahali fulani nyuma ya ukuta mtoto analia, kilio kile anachokijua kuliko kilio chochote duniani. Nakijwa anasimama kukifuata. Anamtazama yule mwanamke ili amuage, na benchi ni tupu.

Anafumbua macho. Jua limehamia ukuta wa pili. Kitandani kuna bonde dogo lenye joto, na Kadada hayupo. Nakijwa anapapasa shuka, kisha mgongo wake mwenyewe, kisha anasimama, na sakafu ya saruji ni baridi chini ya nyayo, baridi ile ile, naye hajui kama ametoka au ameingia. Ng'ambo ya pazia kuna sauti nyingi. Anashika pazia, analiachia, analishika tena. Kwa kawaida angerudi kitandani na kujifanya bado amelala. Mtoto analia tena upande wa pili. Nakijwa anatoa pumzi taratibu, anafungua pazia, na sebule imejaa, na nyuso zote zinageuka, mwanga wa mlangoni ukiwa nyuma yao, kwa hiyo kwa kitambo hakuna uso wowote, ni weusi laini tu.

Mama Kadada, tumekuamsha, anasema Elinihaki, mama na mashangazi wamefika mapema kwa ajili ya ubatizo, nikaona nimtoe mtoto upumzike. Na mama mkwe, aliyempakata mtoto, anasema, karibu mwanangu, tulikuwa tunamuuliza huyu mumeo jina la mjukuu wetu, anasema tumuulize mwenye mtoto. Tusije tukalisikia kesho kanisani kama wageni. Mashangazi wanacheka kidogo. Kikombe kinagonga kisahani. Nakijwa anawatafuta wote kwa macho, anakumbuka, anamwacha kila mtu na kumwangalia mama mkwe peke yake, na taratibu uso wa mama mkwe unajitokeza kwenye kivuli, mikunjo, jicho lenye mtoto wa jicho, mdomo unaosubiri. Anaitwa Namsifu, anasema. Nani? anauliza mama mkwe akitega sikio. Namsifu, mama.

Namsifu, anarudia mama mkwe polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Ni jina zuri. Kisha wanarudi kwenye maongezi yao, bei ya tangawizi, kaka mmoja aliyekwama mjini Same, na Nakijwa anabaki amesimama, mpweke vile vile, akisubiri kuta ziwe vioo au jambo lingine litokee la kumwonyesha yuko upande gani. Halitokei. Kesho bado iko mbele, na kanisa ni kubwa kuliko sebule. Anampokea mtoto, ni mzito, na amelowa hadi kwenye kanga ya bibi yake. Kama hii ni ndoto, anawaza Nakijwa, ni ndoto yenye nepi ya kubadilishwa. Anageukia chumbani, na anasita. Baba Namsifu, anaita, na sauti yake inavuka sebule nzima, niletee nepi kavu, iko kitandani. Kisha mashangazi wanasogea kumpisha, na hapo hapo, katikati ya watu, anakaa.