Mwendo wa Malkia

"Malkia anatembea vibaya," Kathambi aliniambia kwa simu. "Anatembea kama mtu aliyechoka."

Nilikuwa jikoni, simu nimeibana kwa bega, napoza uji wa Baba kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Nilitaka kumjibu kwamba hata malkia ana haki ya kuchoka. Nikasema tu kwamba nitaangalia.

Malkia huyo hakuwepo popote. Hata kipindi chenyewe cha katuni hakikuwepo. Mimi na Kathambi tulikuwa tumefanya kazi pamoja Nairobi, katika studio ya katuni za matangazo ya sabuni, mpaka mmiliki wake alipoifunga na kila mmoja akarudi kwao: yeye Nkubu, upande wa Meru, mimi Kianjokoma, upande wa Embu. Ni yeye aliyebuni hadithi ya nchi iliyo juu ya mawingu, ambako moto umeibwa na malkia anashuka mlimani peke yake kuutafuta. Hatukuwa na uwezo wa kuitengeneza. Tukaamua kufanya utangulizi peke yake, zile picha na muziki zinazofungua kipindi, tuutume kwa kampuni moja iliyokuwa ikitafuta vipindi vipya.

"Maandishi yetu hawatasoma," Kathambi alisema. "Lakini picha wataangalia."

Yeye alitunga muziki na kupanga matukio. Mimi nilichora na kuzipa picha uhai, mchana, Baba akisinzia.

Baba alikuwa amepata kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi ukabaki na sauti moja tu, "eee," aliyoitumia kwa njaa, kwa baridi, kwa hasira na kwa shukrani. Kaka yangu Mutugi alikuwa na kazi na familia Embu mjini; alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Nilibaki mimi. Nilimwinua, nikamwosha, nikamgeuza, nikamvisha. Sikulalamika, na si kwa sababu ya wema. Hakukuwa na wa kumlalamikia.

Ili uchore mwendo wa mtu, lazima kwanza uutazame. Kwa kukosa mtu mwingine, niliegemeza simu kwenye ukuta wa zizi nikajirekodi nikitembea kutoka bombani hadi mlangoni, leso mabegani badala ya joho. Kisha nikaufuata mwendo ule picha baada ya picha, hadi malkia akashuka mlima.

Baada ya kumnywesha Baba uji siku ile, nilifungua kompyuta mezani pale pale mbele yake, nione hilo kosa. Ukungu ulifunguka. Malkia akatokea. Na Baba akacheka.

Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Mdomo ulipinda upande mmoja, mabega yakatikisika. Aliinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye skrini, akatamka waziwazi, kama mtu anayemwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto:

"Igoki."

Igoki ni mama yangu. Alifariki nikiwa sekondari. Nyonga ilimsumbua miaka yote niliyomjua; alipanda kutoka shambani na kikapu cha majani ya chai mgongoni, mguu wa kulia akiutupa nje kidogo, bega moja chini, kichwa kikitangulia. Nilirudisha picha nyuma nikatazama upya. Alikuwa yeye kabisa. Lakini sikuwa nimemchora Mama. Nilikuwa nimejichora mimi, na mpaka siku ile sikujua kwamba ninatembea hivyo.

"Eee," Baba alisema, akigonga meza. Nikairudia. Akagonga tena.

Nilimpigia Kathambi nikamweleza yote, nikamwambia mwendo ule haubadilishwi. Nilisikia jogoo wa kwao akiwika.

"Pole, Lydiah," alisema hatimaye. "Lakini hao watu hawakumjua mama yako. Wataona mwanamke anayechechemea, wakae wakingoja tuwaambie mguu una nini."

"Si waulize."

"Hawatauliza. Watazima tu." Akashusha pumzi. "Mimi pia nimechoka, unajua. Nimerudi kulala kwa kitanda nilicholalia nikiwa shule ya msingi. Wakitukataa, basi, hawakuipenda. Lakini isiwe tuliona kosa tukaliacha."

Nilikata simu bila kuaga. Kesho yake alinitumia video. Alikuwa uani kwao, leso mabegani, shingo imenyooka, anatembea kana kwamba mlima wote ni wake, kuku wakimpisha njia. Nilicheka, ingawa sikutaka. Kisha nikaketi, nikaanza kuchora upya. Alisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kazi yenyewe.

Baba nilimwonyesha ule mpya pia. Aliutazama kwa adabu, kama anavyotazama mgeni wa kanisa, halafu akageukia dirisha. Kwa hiyo ule wa kwanza niliuhifadhi kwa ajili yake, na kila alipogonga meza nilimwekea.

Kampuni ilijibu. Utangulizi wetu ulikuwa mzuri sana, walisema, lakini hadithi yenyewe hawakuihitaji. Walikuwa na kipindi kingine, cha matajiri wanaogombania urithi. Je, tungeweza kuwachorea utangulizi wa hicho? Nilimsomea Kathambi kwa simu. Tulicheka kicheko kisicho na nguvu, tukakubali. Wiki hiyo hiyo nikaanza kuchora magari makubwa na glasi za mvinyo zinazovunjika.

Baba alifariki mwezi wa saba, majira ambayo ukungu hauondoki kwetu hadi adhuhuri. Hakuwahi kutamka neno lingine.

Kathambi alikuja mazishini. Hakuwa amewahi kufika kwetu. Mutugi alikuwa hemani akipokea wageni, wakimshukuru kwa jinsi mzee alivyotunzwa. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sinia la vikombe vya chai, nikipanda kale kamlima ka kuelekea hemani. Nilimwona Kathambi ameketi kati ya akina mama wa kanisa, ananitazama nikija. Aliitazama miguu yangu muda mrefu, bila kupepesa. Kisha akainuka, akaja kunipokea katikati ya uwanja, akashika sinia kwa mikono miwili.

"Nipe," alisema.

"Bado kuna mkate jikoni—"

"Lydiah. Kaa chini."

Nikakaa.