Jembe Siku ya Msiba

Mama yake jirani yangu Klaudia alifariki Jumatatu, na Jumanne mimi nikatoka na jembe. Kwetu Ijumbi, msiba ukiingia kijijini hakuna anayelima mpaka siku nne zipite. Nilijua. Nililima kwa makusudi, kwenye kona ya kibanja, shamba langu la migomba, isiyoonekana kutoka njiani, maana nina kiburi lakini si mjinga.

Sababu nilikuwa nayo. Mwaka uliotangulia, 1951, binti mdogo wa Klaudia aliungua mkono kwa uji. Mimi nilikuwa nimefundishwa huduma ya kwanza na sista wa misheni kule Bukoba, wiki tatu nzima, pamoja na wanawake wengine wa Kilutheri. Nikamshika mtoto nikawa nammwagia maji baridi mkononi, taratibu, mengi. Bibi yake, huyu huyu marehemu Ma Kokuberwa, alikuwa amekwisha kuchota samli ya kumpaka. Nikaisukuma ile samli. Basi akasema mbele ya majirani wote, "Mwanamke asiyezaa atajulia wapi kushika mtoto wa mwenzake?" Klaudia alikuwa amesimama pale pale. Hakusema neno. Mkono ulipona vizuri, na mimi sikukanyaga tena kwao.

Mume wangu, Mutalemwa, alikwenda Kampala kutafuta kazi miaka sita iliyopita. Barua zimekuja mbili. Mpaka leo napika ndizi za watu wawili kwa mazoea, halafu nazila peke yangu hadi kesho yake mchana. Upweke unauma, na sioni haya kulisema.

Sasa jembe lilikuwa jipya, la kutoka duka la Mhindi pale Muleba, na makali yake yalikuwa hayajaonja udongo kabla ya siku ile. Likagonga jiwe, likateleza, likanikata juu ya mguu karibu na kifundo. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha damu ikaanza kuruka, kila pigo la moyo na mruko wake.

Masomo ya sista yakarudi yenyewe. Nikakaa chini, nikapandisha mguu juu ya gogo la mgomba, nikavua kitambaa cha kichwani nikakikandamiza kwa mikono miwili. Kikalowa. Usifunue kuchungulia, sista alikuwa akituambia, ongeza kingine juu. Nikachana pindo la shuka niliyojifunga nikaongeza. Lakini sista alitufundisha wawili wawili, mmoja mgonjwa, mmoja mhudumu. Hakutufundisha mtu afanyeje akiwa wote wawili. Mikono ilianza kulegea na migomba ikaanza kuzunguka. Ningeachia ningekwisha, na nilikuwa karibu kuachia.

Nikapiga enduru, ule ukelele wetu wa kuita watu kwenye hatari. Siku yoyote nyingine kila anayeusikia huacha alichoshika akakimbia. Nikapiga mara tatu. Kutoka msibani, ng'ambo ya migomba, wanawake wakaniitikia kwa kilio. Hakuna aliyekuja. Walidhani nami hatimaye namlilia Ma Kokuberwa. Nikapiga tena, wakazidi kulia. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa dakika zile, huku kijiji kizima kikinijibu.

Kisha nikasikia majani makavu yakikanyagwa. Alikuwa Klaudia, kiunoni amefunga mkanda wa mgomba mkavu wa wafiwa. Akalitazama jembe, akanitazama mimi.

"Unalima," akasema.

"Nalima. Njoo ukandamize hapa."

Akapiga magoti akanyoosha mkono kufunua kitambaa.

"Usifunue, waitu, tafadhali. Weka kingine juu, kandamiza kwa nguvu."

Alikandamiza kwa mtandio wake mpaka damu ikatulia. Ikabaki kufunga, na hatukuwa na kamba. Akafungua ule mkanda wa kiunoni, ambao mfiwa havui kabla ya siku ya nne, akauzungusha mguuni pangu juu ya vitambaa.

"Usikaze mno," nikasema. "Shika vidole. Vikipoa, legeza."

Akavishika vidole vyangu vya mguu.

"Wenzako hawakuja," nikasema.

"Walisema Alistidia amelainika, analia. Mimi nikawaambia huyo hawezi kumlilia mama yangu. Lazima ameumia."

Mtu wa kunijua hivyo nilidhani yuko Kampala. Machozi yakanitoka, na sikujua namlilia nani: Mutalemwa, au mimi, au hata yule mama aliyenitukana, ambaye mwanawe alikuwa amepiga magoti kwenye damu yangu bila mkanda wa msiba wake.

Msibani waliendelea kulia.

"Vina joto," Klaudia akasema, na hakuviachia vidole vyangu.