Volti Sitini na Sita

...wati mia, mia, na mia, paneli tatu, hizo mia tatu, na kontrola ya ampea thelathini, kisanduku kinachopokea umeme wa paneli na kujaza betri, inameza mia tatu na sitini, sasa anataka nini tena huyu mwalimu, akawaza Haroub, kachuchumaa juu ya bati la moto, waya wa mwisho mkononi, yeye ambaye toka Konde hadi Msuka hapana paa lisilojua uzito wake, aliyetia umeme wa jua nyumba tatu asubuhi moja, mbili kwa kweli, lakini tatu ndiyo inayosimulika... na chini Mwalimu Rahma, mstaafu, miwani puani, anasoma karatasi ya kontrola kama yumo darasani, kwamba ampea ni sawa, lakini volti za kuingia zisipite hamsini, je, zake ngapi? Volti, dukani nani anauliza volti, watu hununua wati kama wanunuavyo mchele kwa kilo, paneli moja ni ishirini na mbili, na yeye kazifunga zote tatu, chanya ya hii kwenye hasi ya ile, volti hupandana hivyo, ishirini na mbili, arubaini na nne... akachomoa mita, ile anayotembea nayo kwa fahari, akagusisha, sitini na sita, ikatulia papo hapo, na Mtambile zilikuwa paneli ngapi, la, usiende huko, zilikuwa nne, kazifunga hivi hivi, kontrola kama hii hii, themanini na nane, saa saba mchana, jua la utosi, kontrola ikalipuka moto, na chini yake godoro la Bi Thuraiya, mama wa watu, miguu haimbebi, kajinyoosha baada ya chakula... walisema kudra, yeye mwenyewe ndiye aliyelianza neno hilo, akala na hitima, akasimulia jua la mwaka ule lilivyoshinda mitambo, wakatikisa vichwa, na Jabir, mtoto wa marehemu, akamshika mkono kwa mikono miwili, "Ahsante fundi, umekuja kutuzikia mama."

"Haroub, n'washe, n'siwashe?" Mwalimu huyo, kidole kwenye swichi, na yeye huku juu azifungue, azipange ubavu kwa ubavu, chanya na chanya, hasi na hasi, volti zibaki ishirini na mbili, kazi ya dakika kumi, taa zitawaka, sifa zitaenea, nani atajua... dakika kumi, na Mtambile zingetaka hizo hizo kumi, na Bi Thuraiya angeamka kuswali alasiri, nimemuua, neno likampita moyoni, waya bado mkononi, mwalimu bado anangoja, nimemuua, la kwanza maishani mwake asiloweza kuliongezea kitu.